Si Kila Homa ni Malaria: Namna ya Kulipima Faili Unalolitilia Shaka

Mazungumzo ya elimu kwa watumiaji wa kompyuta, Ifakara, bonde la Kilombero



 Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa madhara: faili usilolijua, lililojitokeza ndani ya kompyuta yako, katika flashi yako au katika barua pepe yako, nawe huna hakika kama ni waraka wa kawaida au ni programu iliyotengenezwa kwa nia mbaya. Programu za namna hiyo nitaziita programu hasidi. Watu wengi huziita zote virusi, nami sitagombana na jina hilo, maadamu tunaelewana.

Naomba nianze na kisa. Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye sitamtaja jina wala shule, alitunza alama za wanafunzi wake za miaka mitatu katika flashi moja. Siku moja aliipeleka kwenye duka la stesheneri ili achapishe mtihani wa kufunga muhula. Aliporudi nyumbani na kuichomeka kwenye kompyuta yake, hakuyaona tena mafaili yake. Aliona alama moja tu yenye kimshale kidogo pembeni, nayo ina jina lilelile la flashi. Akaingiwa na hofu, akaenda kwa fundi. Fundi akaitazama mara moja, akasema: "Hii ina virusi, mafaili yameshaliwa. Dawa yake ni kuifomati." Mwalimu akakubali. Flashi ikarudi safi, na tupu.

Jambo ambalo mwalimu hakuambiwa ni kwamba, katika tatizo la namna hiyo, kwa kawaida mafaili huwa hayajaliwa. Huwa yamo humohumo ndani ya flashi, yamefichwa tu. Kirusi hakikuwa kimefuta hata alama moja. Zilizopotea zilipotezwa na dawa iliyotolewa bila kupima.

Hilo ndilo neno langu kwenu leo. Shaka si jibu. Shaka ni sababu ya kupima.

Funzo la homa

Watu wa Ifakara hawahitaji mgeni awafundishe maana ya kupima kabla ya kutibu. Hapa mjini ipo Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mwanzo wake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na wanasayansi kutoka Uswisi katikati ya miaka ya 1950, na ambayo leo jina lake hutajwa duniani kote panapozungumzwa habari za mbu na malaria. Wazee waliopo hapa wanakumbuka enzi ambapo kila homa iliitwa malaria, na kila mwenye homa alimeza dawa ya malaria. Wengine walipona. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, wakacheleweshwa na dawa isiyowahusu.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Ndipo tukazoea kile kipimo cha haraka: tone la damu, kusubiri dakika chache, kisha kusoma mistari. Tukazoea pia kusikia kwamba si kila homa ni malaria.

Kipimo hicho kina mambo matatu ambayo naomba tuyabebe hadi mwisho wa mazungumzo haya. Kwanza, mgonjwa hupimwa bila kuumizwa. Pili, kipimo chenyewe kina mstari wake wa kuthibitisha kwamba ni kizima. Mstari huo usipotokea, majibu hayafai. Tatu, majibu yanayosema "hakuna" hayaondoi kazi ya daktari, kwa sababu mgonjwa bado anaumwa na bado anastahili kuangaliwa. Faili nalo hupimwa kwa utaratibu uleule.

Usilifungue, na usilifute

Kosa la kwanza ni kulifungua faili ili kuona ni nini. Programu hasidi nyingi hazina nguvu zikiwa zimelala ndani ya diski. Zinaamka pale unapozibofya mara mbili. Kwa hiyo kulifungua faili si kulipima. Ni kuuruhusu ugonjwa uingie mwilini ili uone kama utaumwa.

Kosa la pili, ambalo husemwa kwa nadra, ni kufuta kila kitu kwa hofu. Ukifuta, umepoteza uwezo wa kujua ni kitu gani, kilitoka wapi, na kama kimeshafanya kazi yake. Tena huenda ukafuta faili ambalo kompyuta yenyewe inalihitaji, au kazi yako ya miaka mitatu.

Basi ukilitilia shaka faili, liache lilipo. Usilibofye mara mbili, usilitume kwa rafiki umuulize "hebu lifungue wewe", wala usilihamishie kwenye kompyuta nyingine. Andika pembeni jina lake, mahali lilipo na siku ulipoliona. Kisha anza kupima.

Tazama jina lake lote

Jina la faili lina mkia, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Mkia huo ndio unaoiambia kompyuta hilo ni faili la aina gani. Waraka wa kusoma huishia na pdf. Picha huishia na jpg au png. Lakini faili linaloishia na exe, scr, bat, cmd, vbs, js, msi au lnk ni amri: ukilibofya, kompyuta itatenda jambo.

Tatizo ni kwamba Windows, kwa kawaida yake, huficha mikia hiyo. Wenye nia mbaya wanalijua hilo. Tuchukue mfano: mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga anapokea faili lililoandikwa Bei_ya_Mpunga.pdf, lenye picha ya waraka. Jina lake kamili ni Bei_ya_Mpunga.pdf.exe. Ule mkia wa mwisho umefichwa, na ule wa katikati ni kilemba tu cha kumpendeza atazamaye.

Hila hii ni ya zamani. Mwezi Mei mwaka 2000 barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilienea duniani kutoka Ufilipino. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona TXT, wakadhani ni barua ya kusoma, wakaifungua. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika. Miaka mingi imepita, na hila hiyohiyo bado inavua samaki.

Kinga yake haina gharama. Fungua dirisha la mafaili. Katika Windows 11 nenda palipoandikwa "View", kisha "Show", kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Katika Windows 10 nenda "View", uweke tiki hapohapo. Tangu siku hiyo utaona jina la karibu kila faili tangu kichwa hadi mkia.

Nyaraka za ofisi nazo zina hila yake. Waraka wa Word au Excel unaweza kubeba amri ndogo ndani yake, ziitwazo makro. Tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro katika nyaraka zilizotoka kwenye intaneti. Kwa hiyo waraka unaokuomba ubofye kitufe cha kuruhusu yaliyomo ndipo uweze kuusoma, usiuamini. Ankara ya kweli husomeka bila kuomba ruhusa.

Uliza lilikotoka

Kabla ya kukimbilia mashine, tumia akili na simu. Je, ulikuwa unalitarajia faili hili? Unamfahamu aliyelituma? Ni kawaida yake kutuma vitu vya namna hii, kwa lugha hii, kwa saa hii? Ikiwa jina ni la mtu unayemjua, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, wala si kwa namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo. Barua pepe ya mtu huweza kuibwa na kutumiwa kuwatumia marafiki zake wote sumu kwa jina lake.

Zipo dalili tatu za kukutahadharisha zaidi. Ya kwanza ni faili lililofungwa kwa nenosiri, huku nenosiri lenyewe limeandikwa katika ujumbe uleule. Nenosiri la namna hiyo halikulindi wewe. Linaizuia programu ya kinga isione kilichomo ndani. Ya pili ni ujumbe unaokuharakisha: lipa leo, fungua sasa, mwisho ni saa kumi. Ya tatu ni maelekezo ya kuzima programu ya kinga kabla ya kusakinisha kitu. Hili la tatu tunalisikia sana pale mtu anapotaka kuwekewa Windows au Office isiyolipiwa, iliyovunjwa kufuli. Fundi akikwambia "zima antivairasi kwanza, vinginevyo itagoma", elewa anachokuomba: anakuomba umfungie mbwa wako ndipo mgeni asiyejulikana aingie uani.

Pima kwa kipimo kizima

Sasa tunafika kwenye kipimo chenyewe. Kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11 zina programu ya kinga iliyokuja nazo, iitwayo Microsoft Defender, nayo hailipiwi. Bofya faili mara moja tu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua "Scan with Microsoft Defender". Katika Windows 11 huenda ukahitaji kwanza kuchagua "Show more options". Programu italisoma faili bila kuliamsha, kisha itatoa majibu.

Lakini kumbukeni ule mstari wa kuthibitisha. Kipimo kilichopitwa na wakati hakifai. Programu ya kinga hutambua programu hasidi kwa kulinganisha na orodha yake na kwa kuchunguza tabia, na orodha hiyo huongezwa kila siku. Kompyuta ambayo haijapata masasisho kwa miezi minne ni sawa na zahanati yenye vipimo vilivyokwisha muda. Najua kwa nini masasisho hayafanyiki: bando ni ghali, na wengi tumeiwekea kompyuta kizuizi ili isile bando letu. Nawaomba, angalau mara moja kwa wiki, tafuteni intaneti ya kutosha, mfungue ukurasa wa "Windows Security", mwangalie tarehe ya sasisho la mwisho. 

Gharama ya kuchelewa ilionekana tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Ilifika katika nchi zipatazo 150 na kuathiri kompyuta zaidi ya 200,000. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Sasisho la kuziba tundu lililotumiwa lilikuwa limetolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla.

Naongeza jambo moja kwa wenye Windows 10. Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa kompyuta yako ina uwezo wa kupokea Windows 11, ipandishe. Ikiwa haina, uliza juu ya mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, na usiitumie kwa mambo ya benki bila masasisho hayo.

Maoni ya pili

Mgonjwa mwenye shaka na majibu hutafuta daktari wa pili. Faili nalo lina mahali pa kupata maoni ya pili. Ipo huduma iitwayo VirusTotal, iliyoanzia Málaga nchini Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Faili moja hupimwa hapo na programu nyingi za kinga kwa wakati mmoja, zaidi ya 60, bila malipo.

Hapa nawasihi mnisikilize kwa makini, kwa maana wengi hukosea. Faili unalolipakia kule halibaki siri yako. Kampuni za usalama na watafiti wanaolipia huduma hiyo wanaweza kulipata. Kwa hiyo usipakie rekodi za wagonjwa, alama za wanafunzi, nakala ya kitambulisho cha taifa, mkataba, wala orodha ya wanachama wa kikundi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Aliyekabidhiwa taarifa za watu wengine anawajibika kuzilinda, hata pale anapotafuta msaada kwa nia njema.

Je, utapimaje bila kutoa faili lenyewe? Ipo njia. Kila faili linaweza kukokotolewa alama yake, mfano wa alama ya kidole cha mtu. Alama hiyo huitwa SHA-256, nayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadili hata nukta moja ndani ya faili, alama nzima hubadilika. Katika Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Andika certutil -hashfile, acha nafasi, liburute faili hadi ndani ya dirisha hilo bila kulibofya mara mbili, acha nafasi tena, andika SHA256, kisha bonyeza Enter. Nakili alama utakayopewa, uitafute katika VirusTotal. Kama faili hilo limewahi kuonekana kule, majibu yake yatatokea. Faili lenyewe halijatoka mikononi mwako, na bando ulilotumia ni dogo mno.

Namna ya kusoma majibu

Majibu hayasomwi kwa macho ya hofu wala ya matumaini.

Ikiwa programu nyingi, zikiwemo zile zinazojulikana sana, zinasema faili ni hasidi, liamini jibu hilo. Iruhusu programu yako ya kinga ilitenge faili au kuliondoa.

Ikiwa ni moja au mbili tu kati ya 60 zinazolalamika, huenda ni kengele ya uongo. Hata wakubwa hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la programu ya kinga ya McAfee lililidhania faili la kawaida na la lazima la Windows XP kuwa ni kirusi. Kompyuta nyingi duniani zikashindwa kufanya kazi, kwa kosa la mlinzi wao wenyewe. Katika hali hiyo usilifungue faili na usilifute. Subiri siku mbili tatu, sasisha, kisha pima tena. Mara nyingi shaka itakuwa imekuwa jibu, au imeondoka.

Ikiwa hakuna hata moja inayolalamika, au alama ya faili haijulikani kabisa, usiseme "ni salama". Sema "halijatambuliwa". Programu hasidi iliyotengenezwa jana haina mtu aliyewahi kuiona. Hapo rudi kwenye maswali yetu ya mwanzo: lilitoka wapi, nani alilituma, na mkia wake ni upi. Faili lenye mkia wa exe, lililotumwa na mtu usiyemjua, halihitaji kipimo kingine ili ulikatae.

Flashi yenye kimshale

Sasa nirudi kwa mwalimu wetu, kwa sababu tatizo lake linaweza kumpata yeyote anayechapisha kwenye stesheneri, ambako flashi za watu wengi hupita katika kompyuta moja kwa siku.

Programu hasidi ya namna ile hufanya mambo mawili. Huyaficha mafaili yako halisi, kisha huweka mahali pake njia ya mkato, ile alama yenye kimshale, ambayo mkia wake ni lnk. Ukiibofya, mafaili yako yanafunguka kama kawaida, nawe unapumua. Lakini kwa kubofya kulekule umeiamsha programu nayo ikaingia ndani ya kompyuta. Kila flashi itakayochomekwa baadaye itaambukizwa.

Ukiona kimshale hicho, usikibofye na usiifomati flashi. Ipeleke kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, uipime flashi nzima. Kinga ikishamaliza kuondoa hasidi, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yako kama inavyoonekana kwenye kompyuta hiyo. Mafaili yaliyofichwa yatajitokeza. Nakili nyaraka na picha zako tu, uache kila kitu chenye mkia wa amri. Baada ya kuhakikisha kwamba kazi yako yote imehamishwa na inafunguka, hapo ndipo unapoweza kuifomati. Mwalimu wetu angefuata mpangilio huu, alama za wanafunzi wake zingekuwapo hadi leo.

Ikiwa umeshalifungua

Huenda yupo miongoni mwetu anayesema kimoyomoyo, "mimi nimeshalifungua". Usione aibu, na usikae kimya. Kata intaneti mara moja: zima Wi-Fi au chomoa waya. Ondoa flashi na diski za nje. Usifanye muamala wowote wa fedha kwenye kompyuta hiyo. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, badili nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la benki. Kama ulikuwa umeingia kwenye akaunti ya benki, piga simu benki siku hiyohiyo. Kisha pima kompyuta nzima, ukichagua kile kipimo cha Defender kinachofanyika kabla Windows haijawaka, kiitwacho "offline scan".

Ikiwa mafaili yamefungwa na unadaiwa fedha, usiharakishe kulipa. Kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa. Tangu mwaka 2016 upo mpango uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, unaotoa bure funguo za baadhi ya programu hizo. Toa taarifa polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua matendo hayo kuwa ni jinai. Toa taarifa pia kwa TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Haki yako mbele ya fundi

Mtumiaji anayelipa ana haki ya kuuliza. Kabla fundi hajaifomati kompyuta au flashi yako, muulize kwa heshima: Umepima kwa programu gani, na ilisasishwa lini? Imepata nini? Mafaili yangu umeyanakili wapi? Fundi mwema hataudhika. Asiye na majibu, mwambie asubiri. Dai risiti inayoeleza kazi iliyofanyika. Ndiyo ushahidi wako iwapo utalazimika kulalamika, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Mwenye stesheneri naye ana wajibu wake: aisasishe kompyuta yake, aipime kila flashi kabla ya kuifungua. Kwa upande wako, usipeleke dukani flashi yenye maisha yako yote. Uwe na flashi ndogo ya kuchapishia, yenye waraka mmoja unaouhitaji. Kazi muhimu itunze mahali pawili au patatu, na pamoja pasiwe nyumbani kwako. Aliye na nakala haogopi fomati.

Mambo ya kukumbuka

1. Usilifungue faili unalolitilia shaka, na usilifute kwa hofu.
2. Onyesha mikia ya majina ya mafaili, usome jina lote.
3. Mpigie simu aliyelituma kwa namba unayoijua.
4. Sasisha programu ya kinga kabla ya kupima.
5. Kwa maoni ya pili, tafuta alama ya faili. Usipakie taarifa za watu.
6. "Halijatambuliwa" si sawa na "ni salama".
7. Usikubali fomati kabla mafaili hayajatafutwa na kunakiliwa.

Ndugu zangu, kipimo cha malaria hakikuondoa mbu bondeni. Kiliondoa kubahatisha. Hatutazimaliza programu hasidi duniani, lakini tunaweza kuacha kubahatisha na kazi ya mikono yetu. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua kompyuta yako ufanye jambo moja tu: onyesha mikia ya mafaili. Kesho ufanye la pili.